Deraya ya Ochoki

Suneka nzima, huku kwetu Kisii, ilimjua Jasper Machogu kwa mambo mawili. La kwanza, mlango aliochomelea Jasper haulii ukifunguliwa wala haukwami masika yakija. La pili, fundi huyo alikuwa na wazimu wa vitabu. Si vya dini, si vya shule. Vitabu vinene vya hadithi za kubuni, za mashujaa wapanda farasi waliovaa chuma toka utosini hadi kidole cha mguu, wanaopigana na majoka, wanaopiga magoti mbele ya wafalme na kuapa, kisha wanakufa kwa ajili ya neno walilotamka. Mtu mzima mwenye mke, mikono imejaa makovu ya cheche, anakaa juu ya rundo la nondo saa ya chai akisoma habari za majoka! Watu walicheka sana. Haya, na wacheke. Laiti wangejua yatakayotokea pale pale kwenye kibanda chake, wangecheka kwa adabu kidogo.

Wazimu wenyewe hakuuanza yeye. Aliuanza kaka yake, Ochoki.

Walipokuwa wadogo, mama yao, Eucabeth, aliuza ndizi sokoni Daraja Mbili, na siku za soko wavulana hao walishinda naye. Jirani yake wa kibanda alikuwa Anyiko, mama wa kutoka upande wa ziwani, mwenye mdomo mkali na moyo laini, aliyeuza mitumba. Ndani ya marobota ya nguo ulaya wakati mwingine vilikuja vitabu, na Anyiko alivitupa chini ya meza kama vitu visivyo na kazi. Ochoki akaviona. Picha ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya mtu wa chuma juu ya farasi wa chuma, na hapo hapo akapotea, hakurudi tena.

Kiingereza chenyewe kilimpa taabu, lakini Ochoki alikuwa king'ang'anizi. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, kisha jioni akamsimulia mdogo wake kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani, wakiwa wamekaa migombani. Maneno ya vile vyuma waliyatoa kanisani, maana mhubiri wao aliyapenda: dirii ya kifuani, chapeo ya kichwani. Shida ilikuwa moja. Vitabu vya Anyiko karibu vyote vilikosa kurasa za mwisho. Basi mwisho alitunga Ochoki mwenyewe, na Jasper hakuwahi kusikia mwisho mtamu kuliko ule wa kaka yake.

Kulikuwa na hadithi moja ambayo hakuisahau. Shujaa aliyemtumikia bwana wake maisha yote alipiga goti mbele yake, na hapo ukurasa ukakatika.

"Anataka nini?" Jasper aliuliza.

"Ruhusa," Ochoki alisema. "Shujaa aliyeapa haondoki hivi hivi tu. Hata akifa, haondoki. Lazima bwana wake amguse begani aseme, nenda."

"Na bwana akikataa?"

Ochoki alifikiri, akitafuna kipande cha muwa. "Akikataa, shujaa anabaki pale pale, milele. Hata kutu inamwogopa. Akipewa ruhusa, anaenda, na kile kinachobaki ni chuma tupu."

Nao wakaapa siku hiyo, kwa mipini ya majembe. Kwamba watamkinga mnyonge. Kwamba hawatarudi nyuma. Kwamba hakuna atakayemwacha mwenzake. Utoto, bwana! Nani hajawahi kuapa mambo migombani?

Wakakua. Jasper akajifunza kuchomelea vyuma, akafungua kibanda Suneka, akamwoa Damaris, akapata binti, Valentine. Ochoki akanunua pikipiki, akawa mtu wa boda boda. Hakuoa. Ukimuuliza lini, anakwambia shujaa lazima kwanza apate farasi, halafu anaipiga tangi ya pikipiki yake kwa kiganja, mara mbili, pa, pa, na kuondoka. Hivyo ndivyo alivyoanza kila safari. Hata ukiwa ndani umelala ungejua Ochoki ameondoka.

Mvua ya mchana mmoja ndiyo iliyomchukua. Lori lilikuwa linashuka mlima likiwa na haraka zake, mama mmoja akawa anavuka na mtoto mgongoni, na Ochoki akaamua kuingia kati na pikipiki yake ili lori limwone limkwepe yule mama. Lori lilimwona. Yule mama yuko hai, mtoto yuko hai. Ochoki akazikwa nyumbani, kando ya baba yake, na Jasper hakutoa chozi hata moja, jambo ambalo watu wenye akili walipaswa kuliogopa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo jambo lilipoharibika.

Chuma kilichomwaga damu ya mtu hakiingizwi bomani. Hilo mtoto wa darasa la kwanza analijua. Mama Eucabeth akamwambia Jasper aende kituo cha polisi, achukue lile gofu la pikipiki, awape watu wa vyuma chakavu. Jasper akasema ndiyo, Mama. Akalichukua. Akalipeleka kibandani kwake, akalifunika kwa turubai, akamwambia mama yake kazi imekwisha.

Kisha akaanza kuunda deraya, vazi zima la chuma la shujaa wa vitabuni. Tangi, na bonde lake lililobonyea, akaifanya dirii. Madigadi, yale ya kufunika magurudumu, yakawa mabega. Bomba la moshi likakatwa likawa mapaja na miundi. Helmeti ya Ochoki mwenyewe akaivika vipande vya bati mpaka ikawa chapeo, na mbele akaweka kipande cha kufunika uso chenye mwanya wa macho. Magoti akayachomelea imara, chuma juu ya chuma, ili mtu huyo asije akaanguka upepo ukivuma. Ilimchukua miezi. Alipomaliza, akamsimamisha mlangoni mwa kibanda, mrefu kumzidi mtu yeyote Suneka, na watu wakaja kupiga naye picha. Biashara ikachangamka.

Hayo yote angesamehewa. Lakini katika vile vitabu, upanga una jina, farasi ana jina, hata ngao ina jina. Jasper naye akaona deraya yake haiwezi kukaa bila jina. Akaiita Ochoki.

Aka! Fundi mzima, Mgusii, mtoto wa Eucabeth! Jina la marehemu kwetu si la kuchezea. Linakaa likimsubiri mtoto. Mtoto akizaliwa anaitwa kwa jina hilo, na yule aliyetangulia anapata tena mahali pa kukaa kati ya watu wake. Mpaka siku hiyo ni mgeni aliyesimama mlangoni. Humpi ng'ombe jina hilo, humpi mbwa. Na Ochoki hakuacha mtoto wake mwenyewe, kwa hiyo alikuwa akimsubiri wa ndugu yake. Jasper akampa mabati.

Mwanzoni mambo yalikuwa madogo. Mvua ya Kisii unaijua, inanyesha kila alasiri kama imeajiriwa. Nondo za Jasper zilishika kutu, milango iliyosubiri rangi ilishika kutu, lakini ile deraya, iliyosimama pale pale mvuani, haikushika hata doa. Kisha ikaanza kugeuka. Jasper aliiweka ikitazama barabara. Asubuhi akaikuta inatazama mlimani, upande wa kwao. Akaigeuza. Kesho yake tena, mlimani. Akadhani ni mchezo wa vijana wa stendi.

Asubuhi moja ya ukungu, mteja aliyekuja kuchukua dirisha lake akamwambia, "Yule mwenzako wa mlangoni ana kiburi. Nimemsalimia hajaitikia." Kisha akaangalia vizuri, akaona aliyemsalimia ni nani, akacheka kicheko kibaya, akasema, "Lakini si alikuwa anapumua?" Jasper akatoka. Baridi ilikuwa kali, kila mtu alitoa mvuke mdomoni. Na kwenye ule mwanya wa chapeo mvuke ulikuwa ukitoka, mwembamba, taratibu, unaingia na kutoka.

Obiero, aliyeuza rangi na misumari kibanda cha pili, mtu wa Homa Bay asiyeogopa kitu, aliuona pia. Alifunga duka mapema siku hiyo, akasema kichwa kinamuuma.

Na siku nyingine, mchana kweupe, Jasper akiwa ameinama anakata bomba, alizima grenda ya kukatia apumzike, na katika ule ukimya akasikia nyuma yake kiganja kikipiga tangi. Pa, pa.

Nywele zilimsimama. Angekuwa mwingine angekimbia mpaka Nyamarambe. Lakini nikwambie ukweli ambao Jasper hakumwambia mtu: alifurahi. Aliogopa, na alifurahi. Akageuka, akasema, "Umerudi." Kutoka siku ile akawa anakunywa chai yake karibu na deraya, anaisomea vile vitabu kwa sauti ya chini, na akifika pale kurasa zinapokatika, ananyamaza na kusubiri. Hakuna aliyemjibu. Hata hivyo aliona ni afadhali kukaa na ukimya ule kuliko kwenda kule kaburini.

Basi Damaris akajifungua. Mvulana. Mama Eucabeth alishuka siku ile ile na kikapu chake, uso unang'aa, akaja kukaa nao nyumbani kwa Jasper, juu ya soko. Akampakata mjukuu, akamweka kifuani kwa mama yake, akainama sikioni.

"Ochoki," alimwita. "Karibu nyumbani, Ochoki."

Mtoto alipiga kelele. Si kilio cha mtoto mchanga, ni ukelele wa kitu kilichobanwa. Akageuza uso, akaliacha titi, akafunga mdomo kabisa. Mama Eucabeth akangoja, akajaribu tena. Ukelele ule ule. Akajaribu jina la babu, la mjomba, la kila mwanamume mwema wa ukoo aliyelala chini. Wapi! Mtoto alinyamaza tu, akatazama ukutani, wala hakunyonya.

Wakaenda hospitali. Madaktari wakampima kila kitu, wakasema mtoto ni mzima, wakamlisha kwa mpira, wakamruhusu. Nyumbani wakawa wanamnywesha maziwa kwa kijiko, matone matone, na nusu yake anayatema. Mashavu yakaingia ndani. Damaris hakulala wala hakuzungumza, matiti yamejaa yanamuuma, mtoto mkononi anakauka. Mchungaji alikuja akaomba. Majirani walikuja wakaondoka bila kumaliza chai. Jasper alishinda kibandani, akasema ni kazi.

Siku moja mchana Obiero akaja kuona mtoto, ameleta sukari na sabuni kama mtu mwenye adabu. Akauliza mmempa jina gani.

"Ochoki," Mama Eucabeth alisema. "Lakini amelikataa."

"Ochoki?" Obiero alishangaa. "Kama yule wa chuma?"

Jasper, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama viatu vyake.

"Wa chuma yupi?" Mama Eucabeth aliuliza.

"Si yule askari wa pale kibandani, Mama? Ile pikipiki ya marehemu. Sisi wote tunamwita Ochoki. Jasper mwenyewe ndiye..." Obiero akaona nyuso zao. "Yawa, nimekosea nini?" Akaiacha sukari, akatafuta mlango.

Jasper alitarajia kelele. Mama yake hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti polepole, akawa mzee ghafla.

"Uliniambia umewapa watu wa vyuma."

"Nilidanganya, Mama."

"Mtoto wangu alikuwa mlangoni anasubiri kuingia," mama alisema. "Wewe umemfungia ndani ya kile kilichomuua. Sasa namwita aje kwa mtoto, anawezaje kuja? Yuko kazini kwako analinda milango."

"Kamkate," Damaris alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. "Beba grenda yako, Baba Valentine, ukamkate vipande vipande."

"Hapana," mama akasema. "Aliyemfunga ndiye amfungue, na afungue kwa moyo. Chuma unaweza kukikata, yeye akabaki."

"Mama Valentine, nipe mpaka kesho," Jasper alisema. Hakujua ametoa wapi maneno hayo. "Nizungumze naye kidogo tu."

Damaris alimtazama. "Mmoja kati ya hao wawili ameshakufa," alisema. "Nakuomba usisahau ni yupi."

Hapo Jasper alishikwa na aibu, akatoka. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabati ya soko, jeusi, na watu walikuwa wanakusanya bidhaa mbio. Taa za maduka zikazimika, stima imepotea kama kawaida yake. Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati. Alipofika kibandani, kwa Obiero kumefungwa, na barabara haina mtu.

Deraya haikuwa imesimama.

Ilikuwa imepiga goti. Goti moja chini kwenye matope, jingine limeinuliwa, kichwa kimeinama kuelekea ndani ya kibanda, kwenye kile kiti cha Jasper cha kunywea chai. Akaikaribia, akachutama kutazama magoti aliyoyachomelea kwa mikono yake. Hakuna ufa. Hakuna palipokatika. Chuma kilikuwa kimejikunja chenyewe, laini, kama goti la mtu. Na ndani ya chapeo kulikuwa na pumzi, sasa anaisikia wazi, ya mtu aliyechoka sana.

Jasper alijua goti lile linaomba nini. Ochoki mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

"Usiende," alisema. Ndiyo, hilo ndilo alilosema, na mwanawe anakauka nyumbani. Moyo una ujinga wake. "Kaa kidogo, kaka. Tuliapa. Nani ataniambia mwisho?"

Mawe ya mvua yalikuwa yakiruka juu ya madigadi. Deraya haikusogea. Ingekaa hivyo mpaka milele, na kutu ingeiogopa.

Simu ikalia mfukoni. Damaris.

"Ameacha kulia," alisema.

"Mungu asifiwe..."

"Hapana. Ameacha kwa sababu hana nguvu. Mdomo wake umekuwa baridi." Damaris alivuta pumzi. "Uko wapi, Jasper?" Hakuwa amewahi kumwita Jasper tangu Valentine azaliwe.

Simu ilimponyoka. Aliokota kipande cha nondo chini, na hapo ndipo lile chozi lililokataa kaburini lilipomtoka, na nyuma yake mengine yote. Alilia kwa sauti, mtu mzima, katikati ya soko. Akakumbuka yule mama aliyevuka barabara na mtoto mgongoni. Ochoki hakuhitaji kuombwa. Ochoki alimwona mnyonge akaingia kati.

Jasper aliigusa deraya kwa nondo, bega la kulia, bega la kushoto.

"Umetimiza kila neno uliloapa," alisema. "Mimi ndiye niliyekushikilia. Nenda. Nenda nyumbani, kaka yangu, wanakungoja."

Kisha mbele ya macho yake, bila mkono wowote kuonekana, ile tangi ikalia. Pa, pa. Ile pumzi ikakatika. Na kutu ikaja. Ilianzia vidoleni ikapanda, nyekundu, mpaka kifuani, mpaka kwenye chapeo, kutu yote ya masika yote iliyokuwa ikisubiri nje. Alifungua kile kifuniko cha uso. Ndani mlikuwa na maji ya mvua na buibui mmoja.

Alipanda mbio kurudi nyumbani, mawe yakimpiga kichwani. Mlangoni alimkuta mama yake amesimama na kibatari, ameshika ubao wa mlango.

"Kuna mtu amepita hapa," mama alisema kwa sauti ndogo. "Sikumwona. Nimesikia chuma kikitembea uani, halafu mlango huu ukafunguka wenyewe." Alikuwa akitazama chini. Kwenye sakafu ya saruji kulikuwa na alama za miguu yenye maji, zinaingia. Kadiri zilivyokwenda ndani zilipungua ukubwa, na karibu na kitanda zilikuwa ndogo kama za mtoto anayejifunza kutembea. Hakukuwa na za kutoka.

Damaris alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani. Alimwonyesha Jasper kwa macho mahali pa kukaa.

"Mwite wewe," alisema.

Jasper aliogopa kufungua mdomo. Alikuwa amelitumia jina lile vibaya mno. Akainama, maji yakimtiririka puani, akaliita polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Ochoki."

Mtoto alifungua macho. Alimtazama Jasper, akamtazama sana. Kisha mtoto akageuza uso kwa mama yake. Kiganja chake kidogo kikainuka, kikalipiga titi mara mbili, pa, pa.

Mama Eucabeth alitoka nje kwenye mvua ya mawe bila kujifunika.

Na Ochoki akaanza kunyonya.